Pointi za Okanya na Kitabu cha Ubatizo

Kabati halikuvunjwa. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Inspekta Wandera alipoingia katika chumba cha nyuma cha kanisa la Mukuju, asubuhi ya Jumatatu moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1965. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari wake, nyuma ya kanzu ya katekista. Lakini katika rafu ya pili, palipokaa vitabu vinne siku zote, sasa palikuwa na vitatu na pengo.

"Kimeibwa kipi?"

"Cha ubatizo, Bwana Inspekta. Kile cha zamani, kinachoishia mwaka wa arobaini na tano," akajibu Mzee Okochi, katekista. "Miaka ishirini na mitano nimekitunza. Panya hawakukigusa. Mchwa hawakukigusa. Leo binadamu!"

"Kikombe cha misa?"

"Kipo. Ni cha fedha, na kipo hapo hapo mbele ya macho. Huyu si mwizi wa kawaida."

Wandera alipaka unga wa alama za vidole kwenye mlango wa kabati. Zikajitokeza nyingi mno: za katekista, za padri, za akina mama wote wanaosafisha kanisa. Hazikumwambia kitu. Alikuwa Msamia wa Lunyo, mtu mrefu asiyepaza sauti, na katika miaka kumi na miwili ya upelelezi alikuwa amezoea kuanza na swali moja.

"Nani alikihitaji kitabu hiki?"

"Watu wa magari," akasema Okochi. "Walikuwa waje leo saa nne kukisoma. Ijumaa jioni kilikuwepo; jana asubuhi nilikuta pengo."

Nao walikuja. Kwa hakika alikuja mmoja, Bwana Wesonga, katibu wa chama cha mashindano ya magari cha mpakani, mwalimu mnene mwenye miwani na faili kwapani. Chama chake kiliwakusanya vijana wa Tororo na Busia waliokuwa wakishindana kwa magari ya kawaida, yale ya kwendea kazini, yaliyong'olewa viti vya nyuma na kufungwa mikanda ya ngozi. Mwaka ule kulikuwa na mashindano manne. Matatu yalikwisha fanyika, na yote aliyashinda dereva mmoja, Matayo Okanya wa Kwapa.

"Kila ushindi una pointi tisa," Wesonga akaeleza. "Okanya ana ishirini na saba. Lakini kanuni yetu ya saba inasema kwamba dereva asiyetimiza miaka kumi na minane hapewi pointi. Tumepokea malalamiko kuwa yeye ni mdogo."

"Alileta ushahidi gani?"

Wesonga akatoa cheti cha ubatizo kilichogeuka rangi kama majani makavu. Matayo Okanya, mwana wa Yosefu na Asio, alizaliwa Februari 1944.

"Kwa cheti hiki ana miaka ishirini na mmoja," akasema Wandera.

"Na kwa sura yake ana kumi na saba. Ndiyo maana kamati ilitaka kuona kitabu chenyewe. Tunakaa Alhamisi, Busia. Kitabu kisipoonekana, nitazifuta pointi zote ishirini na saba, na Septemba hataruhusiwa kuliweka gari lake mstarini. Sitapenda kufanya hivyo, Inspekta. Sijapata kumwona kijana anayekata kona kama yule."

"Nani alilalamika?"

"Emong. Ndiye wa pili."

*

Emong alikuwa chini ya gari katika gereji moja ya Busia. Ilionekana miguu tu.

"Polisi," akasema Wandera.

"Breki kwanza, afande. Polisi baadaye," miguu ikajibu. Mafundi wakacheka. Kisha kijana mwenye mabega mapana akajiburura nje, uso mzima ukiwa na grisi.

"Kitabu cha ubatizo kimeibwa Mukuju."

"Nimesikia. Kama nimekiiba mimi, basi nifungwe kwa upumbavu. Si ndimi niliyetaka kisomwe?"

"Kwa nini ulilalamika?"

"Kwa sababu nilisoma naye Kwapa! Mimi nina miaka kumi na tisa. Nilikuwa nikimnyang'anya viazi vyake, na nilimweza kwa kuwa alikuwa mdogo kwangu. Sasa karatasi inasema yeye ni mkubwa wangu kwa miaka miwili. Kunipita barabarani, nimevumilia. Anipite hata kwa kuzaliwa?"

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Hapa chini. Waulize hawa. Hata ugali walinisukumia kwa mguu, kama mfungwa."

Mafundi wanne wakathibitisha, kila mmoja kwa wakati wake. Wandera akaandika maelezo yao, akafunga daftari. Emong alimfuata hadi mlangoni, na sasa hakuwa na mzaha.

"Afande, sitaki afukuzwe. Nataka nimshinde akiwepo."

*

Wandera alimkuta Okanya katika gereji alikojifunza kazi, chini ya Mwamba wa Tororo. Kijana alikuwa akilifuta vumbi gari aina ya Anglia alilokabidhiwa na tajiri wake. Alikuwa mwembamba, na ndevu zake za kwanza ungeweza kuzihesabu.

"Una umri gani?"

"Ishirini na mmoja. Ndivyo karatasi inavyosema."

"Wewe unasemaje?"

Kijana akakisokota kitambaa mikononi. "Mimi sikuwepo nikihesabu, afande."

"Cheti ulikipata wapi?"

"Katika kopo la mama, chini kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa. Yeye alikuwa shambani. Nilimwambia baadaye."

"Akasema nini?"

"Aliketi chini, akaanza kukikunja kile kitambaa."

"Ulimweleza pia kuwa kitabu kitakaguliwa?"

"Ijumaa. Nilikuja na furaha. Nikamwambia, mama, wataona jina langu kitabuni na Emong atafunga mdomo." Akainamisha kichwa. "Siku ile hakula."

"Wewe mwenyewe uliingia kanisani Jumamosi?"

"Nilikuwa hapa. Tajiri atakuambia. Afande, nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Maisha yangu yote nimekuwa wa mwisho, lakini ndani ya gari hili siwi wa mwisho. Kitafute hicho kitabu, hata kama kitanihukumu."

Mtu aliyeiba kitabu hamwombi polisi akitafute. Hata hivyo Wandera alimwendea tajiri, akahakikisha.

*

Akarudi Mukuju. Safari hii hakutazama pengo. Alitazama vile vitabu vilivyobaki: cha ndoa, cha maziko, na cha ubatizo cha pili, kinachoanza mwaka 1946.

"Hicho hakihusiki," akasema Okochi. "Kijana alizaliwa arobaini na nne."

"Hakihusiki, ndiyo maana hakuna aliyekifungua."

Alikifungua yeye. Alikwenda ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka polepole. Alipofika Julai 1947 kidole kikasimama. Matayo Okanya, mwana wa Yosefu na Asio, wa Kwapa. Alizaliwa tarehe 11 Juni 1947.

"Mzee Okochi. Baba yule yule, mama yule yule, jina lile lile. Watoto wangapi?"

Katekista akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Nilikuwa nimesahau," akanong'ona. "Walikuwa wawili. Wa kwanza alichukuliwa na surua mwaka wa arobaini na sita, hajatimiza miaka miwili na nusu. Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto anayezaliwa baada ya mwenzake kufa hurithi jina la marehemu."

"Vitambaa vya altare huletwa siku gani?"

"Jumamosi. Akina mama huvifua nyumbani kwa zamu, wakavipiga pasi, wakavirudisha kabatini. Wao wanajua ufunguo ulipo."

"Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya nani?"

"Benedeta." Okochi akasita. "Lakini hakuja yeye. Asio alimwomba wabadilishane. Alikuja na kikapu, akaondoka na kikapu." Kisha akaketi juu ya benchi. "Ee Bwana Inspekta. Mama Okanya?"

*

Nyumba ya Asio huko Kwapa ilikuwa imefagiliwa hadi nyuma ya choo. Yeye alikuwa uani akipembua mtama. Alipomwona mtu mwenye mkanda wa polisi, aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda.

"Karibu, baba. Keti."

"Asante, mama. Nadhani unajua nilichokuja kukitafuta."

"Najua. Tangu Jumamosi nasikiliza njia."

Aliingia tena, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Wandera alikifungua. Kitabu kilikuwa kizima, hakijakunjwa hata kona moja.

"Ulikichukua wewe?"

"Nilikichukua mimi. Nilikiweka chini ya vitambaa vichafu. Mwanangu hajui. Usimfunge yeye."

"Mama, unajua kusoma?"

"Hapana, baba. Sikupelekwa shule."

"Ndivyo nilivyodhani. Nilijiambia, anayejua kusoma angechana ukurasa mmoja tu. Huyu amechukua kitabu kizima kwa kuwa hajui ni ukurasa upi."

Asio alikivuta kitabu kutoka magotini pa Wandera. Hakukifungua mwanzo wala mwisho. Alikifungua karibu na mwisho, akageuza karatasi tatu, akaweka kidole. Kando ya jina palikuwa na msalaba mdogo wa wino mwekundu.

"Ukurasa ninaujua," akasema. "Siku niliyoleta habari za kifo, padri wa wakati ule aliuchora msalaba huu mbele yangu. Alinionyesha. Akasema, huyu ndiye wako. Kila nilipokuja kufagia nilikuwa namfungua, namtazama, namfunga."

"Basi kwa nini hukuuchana?"

Mama yule alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisiloulizika.

"Nimchane mtoto wangu?"

Wandera aliiweka kalamu chini.

"Mama mkwe ndiye aliyetaka jina lirudi," Asio akaendelea. "Alisema huyu aliyezaliwa ashike nafasi ya mwenzake, tusimwambie, asije akaogopa na yeye kwenda. Nikanyamaza. Mwaka ukapita, na mwingine, nikawa sina njia tena ya kusema. Ijumaa akaja akicheka, ati wataangalia jina lake. Nikaona watakavyofungua. Ataona jina lake lina msalaba. Mtoto anayeendesha gari namna ile, baba! Aone jina lake limekwisha zikwa, halafu ashike usukani?"

"Hukuwaza juu ya pointi?"

"Pointi ni nini?"

Wandera alimweleza. Alieleza kwa maneno mepesi: miaka kumi na minane, mashindano matatu, kamati ya Alhamisi. Alieleza kuwa bila kitabu hiki mwanawe angepoteza yote. Asio alisikiliza akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Kumbe nilikuwa namwibia yeye."

"Ulikuwa unamlinda, mama. Lakini kuiba umeiba, na lazima niandike hivyo. Mzee Okochi amesema kanisa halitashtaki, kitabu kikirudi salama." Akafunga daftari lake. "Mimi nitapeleka vitabu vyote viwili Busia. Okanya atausikia ukweli Alhamisi kutoka kwa Wesonga. Au atausikia leo, kutoka kwako."

*

Kamati ilikaa chini ya paa la mabati, na Okanya hakungoja kuulizwa.

"Cheti nilichokileta ni cha kaka yangu," akasema, akiwa amesimama wima. "Sikujua. Sasa najua. Mimi nilizaliwa Juni arobaini na saba."

Wesonga alilinganisha vitabu, tarehe na tarehe. Kisha akachukua rula, akapiga mstari juu ya ushindi wa Aprili, akapiga mwingine juu ya ushindi wa Mei.

"Siku hizo ulikuwa hujatimiza miaka. Pointi kumi na nane zimefutwa. Ushindi wa Julai ulikuwa baada ya siku yako ya kuzaliwa. Hizo tisa ni zako kihalali. Septemba utaanza mstarini, ukiwa nyuma ya Emong kwa pointi tisa."

"Tisa tu?" Emong akapaza sauti kutoka nyuma. "Haya, mdogo wangu. Njoo uzifuate!"

Watu wakacheka. Okanya pia alicheka, ingawa macho yalikuwa yamemlowa, akaenda akampa mkono.

Nje, Asio alikuwa amesimama karibu na gari la polisi. Hakutaka kuingia mahali penye karatasi nyingi. Okanya alimwomba Inspekta kitabu cha zamani kwa dakika moja. Alikifungua mbele ya mama yake, akaweka kidole pale penye msalaba mwekundu, akamsomea kwa sauti, polepole, jina na baba na mama na siku ya kuzaliwa. Katika miaka yote ishirini na mmoja hakuna aliyewahi kumsomea Asio maneno yale. Midomo yake ikayafuata moja moja.

"Soma tena," akasema.

Akasoma tena. Kisha akauliza, "Alikuwa mtoto wa namna gani, mama?"

Wandera aligeukia upande wa pili, akajifanya anakagua gurudumu.

"Alikuwa msumbufu," akasema Asio. "Lori la pamba likianza kupanda barabara ya Mukuju, anaacha kunyonya. Anageuza kichwa. Hata nimwite vipi, hanirudii mpaka lile lori limepita kabisa."