Bega la Mjomba Muhidini

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na laiti nisingekuwepo.

Mwaka 1974 kijiji chetu cha ujamaa, pale Miburani, kilitakiwa kupeleka mchezo wa kuigiza Kilindoni siku ya Sabasaba. Akaletwa Mwalimu Shamte kutoka Dar es Salaam kutufundisha. Tulidhani atatupa maneno ya kukariri. Wapi! Alitukataza kusema kabisa. "Mwili ndio useme," alituambia. Basi kila alasiri tukawa tunavuta nyavu zisizokuwepo na kutwanga vinu visivyoonekana, watu wakitucheka hadharani.

Mjomba wangu Muhidini alitushinda sote. Alikuwa mkiwa, maskini. Mkewe, Kidawa, alifariki yeye akiwa kwenye kambi ya wavuvi kule Juani. Aliporudi, kaburi lilikuwa na siku tatu.

"Hata jeneza lake sikulitia bega," alizoea kuniambia tukila.

Siku moja Mwalimu alitupanga wanaume wanne. "Bebeni jeneza," akasema.

Tulibeba kwa mikono mitupu, mjomba mbele, mimi nyuma yake. Tukazunguka uwanja wa shule polepole. Nikaona shingo yake imelala upande. Jasho linamtoka. Mchanga ulikuwa ukididimia chini ya nyayo zake. Zake tu.

"Ni yeye," alininong'oneza.

Mwalimu akapiga makofi. "Basi! Kesho tena." Watatu tukashusha mikono, tukaenda zetu tukicheka.

Kwetu mtu haliachi jeneza mpaka mwenzake aje ampokee, bega kwa bega. Hilo hata mtoto analijua. Sisi tuliliacha kwa kuwa hapakuwa na kitu.

Mjomba alibaki na mkono wa kulia juu. Hakuushusha siku hiyo, wala kesho yake. Alikula kwa mkono wa kushoto huku akiona haya. Alilala ameketi, mgongo ukutani. Mwalimu alimwona mara moja, akafunga mizigo yake. Majirani wakaanza kuipita nyumba ile mbali. Na mimi nikaipita, nasema kweli, kwa woga.

Siku ya sita niliingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmeniachia peke yangu."

"Mweke chini, basi."

"Nimweke wapi, mwanangu? Kaburi lake limeshafukiwa."

Akalia. Mtu mzima, kwenye chumba kile, analia na hawezi hata kujifuta. Nilimpenda sana mjomba wangu. Nikasimama ubavuni mwake, nikaliweka bega langu karibu na lake.

"Nipe. Nimekupokea."

Mkono wake ukashuka. Akajinyoosha kitandani, akamshukuru Mungu, akalala. Hakuamka tena.

Mkono wangu mimi haukukwama, na daktari hajaona kitu. Lakini sikuoa, naishi peke yangu, na miaka yote hii sijabeba mzigo wowote begani. Hata hivyo, kila kanzu ninayoshonewa hutoboka bega la kulia kwanza.

Juzi nilimwita mpwa wangu Hemedi, nikamwonyesha kanzu. Alipitisha mkono kwenye tundu, akalipima upana. Yeye hubeba majeneza ya msikitini, anaujua upana wa mti wa jeneza.

"Mjomba," akanong'ona, "wataka nije nisimame wapi?"

Nikamwambia aende nyumbani. Kanzu ile nimeitia kiraka leo asubuhi. Sasa hivi ni alasiri, na kiraka kimeshachanika.