Kopo la Bonaria

Kila asubuhi Antioco alimeza dawa yake kwa maji matupu, kisha akakaa na njaa saa nzima, maana dawa ile haipatani na chakula. Kazi ya dawa hiyo ilikuwa kuinasa shaba ambayo ugonjwa ulikuwa umeijaza kwenye ini na ubongo wa Antioco na kuitoa kwa njia ya mkojo. Dada yake Bonaria, mwenye miaka kumi na miwili, aliingoja saa hiyo kwa hamu. Alichovya mkate kwenye maziwa ya moto, akautafuna kwa kelele mbele yake.

"Mmm! Pole, kaka. Ungezaliwa mzima, ungekula."

"Ny-nyamaza," alisema Antioco. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu augue.

"Ny-ny-nyamaza!" Bonaria alimwigiza. Alikuwa hodari wa kuigiza, na alijijua.

Mwaka uliopita Daktari Melis wa mjini alieleza kwamba ugonjwa huo hurithiwa, hivyo Bonaria naye apimwe. Damu haikutoa jibu la uhakika. Akapewa kopo kubwa, akusanye mkojo wote wa kutwa na kucha ili shaba yake ipimwe. Sasa, pale kijijini Orunele wanawake hukaa vizingitini wakifuma, na macho yao hupekua kila mfuko unaopita. Msichana aonekane na kopo la mkojo? Bonaria aliona heri afe. Alikojoa humo mara moja tu, akajazia maji ya bomba.

Majibu yalikuja mazuri. Mama alimgusa kipaji cha uso, kama tufanyavyo tunapomsifu mtoto ili jicho baya lisimpate.

"Mungu akubariki. Angalau wewe u mzima."

Bonaria aliipokea baraka hiyo, akatoka kwenda kucheza.

Ikafika kanivali. Siku hiyo watu wa Orunele wana ruhusa ya kumcheka yeyote, na anayekasirika ndiye mjinga. Bonaria alijipaka masizi usoni, akavaa koti la kaka yake, akaingia uwanjani akitetemeka, mate yakimchuruzika.

"Antioco huyo!"

"Mpeni kikombe tuone!"

Akapewa kikombe cha maziwa, akajimwagia kifuani. Watu wazima walicheka hadi wakashika mbavu. Antioco alisimama kwenye ngazi za kanisa, akitazama tu.

Mchezo ulipokwisha, Bonaria alifuta masizi. Rafiki yake Ignazia akampa andazi la sukari.

"Basi, acha sasa, mbavu zinatuuma!"

"Nimeshaacha," Bonaria alisema.

Lakini andazi lilikuwa likicheza mkononi. Akaushika mkono ule kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka.

"Si-sifanyi makusudi!"

"Hata ulimi! Ama kweli huyu ni fundi!" walipiga kelele, na kicheko kikazidi. Kadiri alivyolia, ndivyo walivyopiga makofi.

Antioco pekee hakucheka. Alishuka ngazi, akamshika kifundo cha mkono.

"Lile ko-kopo," alisema. "Ulikusanya kweli?"

Bonaria aliinamisha kichwa. "Nilitia maji."

Kesho yake Daktari Melis alimulika macho ya Bonaria, akaona pete ya kahawia pembezoni mwa kioo cha jicho, alama ya shaba. Kipimo kipya kilithibitisha.

"Nitapona?" Bonaria aliuliza.

"Utameza dawa maisha yako yote. Baadhi ya ulichopoteza kitarudi, kingine sijui. Ungeanza mwaka jana, pengine mkono huu usingetetemeka kamwe." Daktari hakulainisha neno. "Ulikidanganya kipimo, kipimo kikatudanganya sisi, na shaba ikaendelea na kazi yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa mapema, shukuru."

Kufikia kiangazi mikono yake ilitulia, ila ulimi ulibaki kukwama. Watoto wa mtaani wakapata mchezo mpya.

"Bo-bo-bonaria!"

Antioco ndiye aliyewatimua kwa fimbo ya kuchungia kondoo. Bonaria alijikunja mlangoni akalia; fimbo ile ya kaka aliyemwigiza ilimliza kuliko matusi yale.

Mama aliketi kando yake. Hakumkumbatia.

"Ulipomchekesha kila mtu, ni mtu gani aliyegundua kwamba unaumwa?"

"Ka-kaka."

"Basi usione haya kwa kopo la daktari, mwanangu. Aibu yako yote iweke hapo, kwa uliyomtendea kaka yako."

Akainuka, akaingia ndani, akamwacha alie.