Nukta Iliyohama

Siku ile Msusi hakutoka kutafuta mchumba. Alitoka kununua nyuzi za kusukia. Lakini katika jengo la maduka, palipojaa watu kama siafu, kijana mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi alimvalisha miwani mizito ya kompyuta aliyokuwa akiiuza, aijaribu.

"Fuata nukta kwa macho, dada. Usipepese."

"Na nikipepesa?"

"Tutaanza upya. Mimi sina haraka."

Mbele ya maduka yaleyale vikaelea vitufe hewani, na nukta sasa ikawa inafuata jicho lake. Alipokikazia macho kimoja, kikafunguka bila kuguswa.

"Kumbe jicho ndilo kidole!"

"Ndiyo. Kwa hiyo chunga unachokitazama."

Alikuwa akimtazama yeye.

Wakapendana. Mwaka wa pili Fundi, ndivyo Msusi alivyomwita kijana yule, akaanza kuangusha bisibisi. Ugonjwa ulimwibia mikono, kisha miguu, mwisho ulimi. Yakabaki macho. Akalala kwa dada yake, amevaa miwani ya kazi yake mwenyewe, mbele yake vitufe vimepangwa mstari mmoja: Maji, Blanketi, Kaa, Nenda. Alichokikazia macho, miwani ilikitamka kwa sauti kavu.

Jumapili moja Msusi alikuja na gauni jipya la kijani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mpenzi, tufunge ndoa. Hapa hapa. Nikae nawe?"

"Nenda," ikasema miwani.

"Acha utani wako."

"Nenda. Nenda."

Akatoka analia, viatu mkononi.

Siku zikapita. Simu ya dada yake Fundi ikamkuta saluni, kichwa cha mteja nusu kimesukwa.

"Wifi, hata kumjulia hali?"

"Kaka yako amenifukuza."

"Nawe unamnunia mgonjwa? Mwenzio hata simwelewi. Anaomba blanketi, nikimfunika jasho linamtiririka. Naye anaomba tena blanketi!"

Msusi akaachia kitana, akakumbuka ule mstari wa vitufe.

"Wifi, mpe maji."

"Nimekwambia anaomba blanketi."

"Mpe maji!"

Akasikia kijiko kikigonga bilauri. Kisha wifi yake akalia.

"Anameza, wifi. Siku zote hizi alikuwa na kiu."

Msusi alifika na aproni yake, mikono inanuka mafuta ya nywele. Alimwinamia, akaona: kope la kulia limelegea, limefunika nusu ya jicho. Nukta ilikuwa imehamia kitufe cha jirani, na mwenyewe hana ulimi wa kukanusha.

"Nisamehe, Fundi wangu. Fuata nukta. Usipepese."

Kope likaanguka. Akaliinua kwa kidole gumba, taratibu, kama anayeshika unywele mmoja. Likaanguka tena.

"Tutaanza upya. Mimi sina haraka."

Jua lilikuwa limehama dirishani nukta ilipotulia mahali pake.

"Sasa nakuuliza tena. Nikae nawe?"

"Kaa," ikasema miwani. "Kaa. Kaa."

Wifi yake akageukia ukutani. Daktari alikwishawaambia kwamba jicho la pili nalo litafuata, na baada ya hapo hakuna nukta. Msusi alilijua hilo. Akavuta kiti kwa mguu, akakaa, kidole chake hakukitoa kwenye kope.