Duara Lenye Mlango

Sarafu moja ilikuwa na alama kumi na saba, na kwa sababu hiyo Mama Mapazia aliitwa mwizi.

Sarafu yenyewe ilikuwa ya mtandao. Haishikiki mkononi, inakaa kwenye simu. Watu wengi pale sokoni walikuwa wameanza kuipokea, na kila mmoja alitangaza anavyojua. Fundi viatu alichora nyota. Muuza ndoo alichora jua. Duka la kona lilikuwa na duara la dhahabu linalometameta. Mama Mapazia, aliyeshona mapazia chumba cha tatu, alipokea pia, lakini hakuwa na alama yoyote.

Siku moja mteja wake, mwalimu, alikuja kuchukua mapazia manne. Kwenye nguzo nje ya mlango aliona karatasi yenye picha ya sarafu na kile kijimraba cha madoadoa. Akakielekezea simu, akalipa, akaingia ndani.

"Nimeshakutumia, mama."

"Umetuma wapi, mwalimu? Kwangu hakijaingia kitu."

"Si hapo mlangoni kwako?"

Karatasi haikuwa ya Mama Mapazia. Tapeli alikuwa ameibandika, akaenda zake; kati ya alama kumi na saba, nani angeitambua ya uongo? Mwalimu hakusadiki.

"Mwizi mkubwa wewe!" alipiga kelele mlangoni, soko zima likasikia, akaondoka bila mapazia. Wiki hiyo wateja watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijaguswa na sindano.

Mume wa Mama Mapazia alikuwa mchora mabango. Watu walimwita Brashi.

"Mke wangu aitwe mwizi, na mimi nina mikono miwili?" alisema. Akaenda chumba cha jirani kwa fundi simu, dada asiyezungusha maneno.

"Nielekeze ofisi ya hii sarafu, dada. Watupe alama moja, nichore kila mlango."

Fundi simu akacheka. "Haina ofisi, kaka. Haina meneja wala mlinzi wa getini. Hesabu zake zinatunzwa kwenye kompyuta za watu wengi, kila mahali. Ndiyo maana ukituma kimakosa, huna wa kumlilia. Na bei yake hupanda na kushuka, kwa hiyo usiweke humo chakula cha watoto."

"Basi alama atatupa nani?"

"Nyinyi wenyewe. Mkikubaliana, ndiyo hiyo. Msipokubaliana, hakuna wa kuwalazimisha."

Brashi alijifungia siku nne. Akatoka na simba wa rangi saba, miale imemzunguka kichwa. Chini yake aliandika maneno aliyoyaandika kwenye kila bango kwa miaka ishirini na miwili: *Kazi ya Brashi. Usiige.*

Fundi viatu alijaribu kumchora simba huyo mlangoni kwake. Watu wakajaa kutazama.

"Brashi! Simba wako kwangu amekuwa paka mwenye homa!"

"Mkono wako umezoea visigino!"

"Haya, basi wote tuje kwako tupange foleni? Hiyo si alama yetu. Ni yako."

Brashi alirudi nyumbani amenuna. Mkewe alikuwa anakata kitambaa.

"Baba watoto, nichoree kitu ninachoweza kukiiga kwa chaki hivi hivi nilivyo, na pini mdomoni."

"Hiyo si kazi ya fundi. Hata mtoto ataweza."

"Ehe! Umesema mwenyewe."

Brashi akachukua kikombe, akakifudikiza juu ya katoni, akakizungushia penseli. Hakulifunga duara. Aliacha uwazi kama mlango, akapitisha mstari mmoja pale pale. Rangi ikawa moja tu, bluu.

Asubuhi aliitundika alama hiyo ng'ambo ya barabara. Ilionekana. Fundi simu akaipunguza kwenye simu ikawa kama ukucha. Ilionekana. Muuza mkaa akaichora kwa kipande cha mkaa. Duara la fundi viatu lilipinda kidogo, lakini kila mtu alilitambua.

"Vizuri," alisema fundi simu. "Sasa hata tapeli ataiga."

Shangwe ikakatika.

"Msinune. Alama inasema tu kwamba hapa tunapokea. Haisemi huyu ni mwaminifu. Kwa hiyo chini ya duara kila mtu apake jina lake ukutani, asibandike karatasi. Kijimraba kikae ndani, mezani kwako. Na kabla mteja hajatuma, akusomee mwisho wa anwani ya malipo anayoiona kwenye simu yake. Wewe linganisha na yako."

Brashi akakata duara kwenye katoni, tundu la kupitishia rangi. Aliyetaka alipewa bure. Mwenye duka la kona alikataa. "Mimi na dhahabu yangu!" Hakuna aliyembembeleza. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe, na kikombe mkononi.

Ndipo mwalimu akapita. Aliona maduara ya bluu yamejipanga mlango kwa mlango, na chini ya moja pameandikwa Mama Mapazia. Akaingia taratibu.

"Mapazia yangu bado yapo?"

"Yapo. Nimeyapiga pasi mara mbili nikikungoja."

Mwalimu akaelekeza simu mezani. "Inaishia K, tisa, T, mbili."

"Ndiyo yangu. Tuma."

Simu ya Mama Mapazia ikalia. Mwalimu akamshika mkono, akamtoa nje.

"Jamani! Nilimwita mwizi hapa, mbele yenu. Msamaha nao nauomba hapa hapa."

Vigelegele vilipasua soko. "Na yule paka mwenye homa aje aone!" alipiga kelele fundi viatu.

Jioni ile ile vile vitambaa vitatu vilirudi kwenye cherehani.

Mwalimu alilipia mapazia manne mara mbili. Brashi alitoa makopo mawili ya rangi ya bluu, katoni tano, siku kumi na moja bila kibarua, na simba mmoja. Akatoa na jina lake. Ile alama ipo kwenye milango ishirini na mitatu, na hakuna hata mmoja ulioandikwa *Kazi ya Brashi*.