Mazulia Yaliyoagizwa kwa Wapanda Farasi

Kila siku baada ya shule, Begimai alipitia ofisi ya shangazi yake Nurjamal, mjini Naryn. Alivua viatu vyenye theluji, akamimina chai, kisha akaketi mbele ya seva. Kompyuta hiyo moja ilibeba tovuti na barua pepe za kina mama wanaoshona mazulia ya sufu na, tangu juma lililopita, za timu ya farasi ya mjomba Temirbek. Tovuti na barua pepe za timu aliziweka Begimai, peke yake, na kichwa kilimvimba kweli kweli.

Siku hiyo Mama Saltanat, kiongozi wa kina mama, aliingia uso umemshuka.

"Nurjamal, yule mnunuzi wa Almaty kimya! Aliahidi kutuma agizo kwa barua pepe, na asipopata jibu letu kufikia saa kumi leo, ananunua kwingine. Wanawake kumi na wawili tumeshona tangu vuli!"

"Begimai, baada ya kuongeza timu ulijaribu anwani zote?" shangazi aliuliza. "Naona umetia alama za vema kwenye orodha."

Alama hizo Begimai alizitia haraka haraka ili awahi mchezo wa farasi, bila kutuma hata barua moja. Angeweza kusingizia seva, nani angejua? Lakini alipoviona vidole vya Mama Saltanat, vimejaa sugu za sindano, alishindwa.

"Sikujaribu, shangazi. Nilitia alama tu. Nisameheni."

"Haya, fungua faili tuone."

Kosa lilikuwa wazi. Begimai alinakili mstari unaoelekeza barua za tovuti ya kina mama kwenye sanduku lao, ili autumie kwa timu. Alibadilisha sanduku la barua, akasahau kubadilisha jina la tovuti. Barua za mazulia zilikuwa zikiingia kwa wapanda farasi!

Shangazi alimpigia simu Temirbek kwa kipaza sauti, akamuuliza kama barua ya mnunuzi wa Almaty imemfikia.

"Ahaa, yule wa mazulia arobaini!" mjomba aliangua kicheko. "Nilishamjibu. Nilimwambia sisi tuna farasi tu, ila akifika Naryn tutamchinjia kondoo."

"We Temirbek!" Mama Saltanat alifoka. "Mteja wangu unamkaribisha wewe?"

"Sasa mtu abishe hodi nimnyamazie?"

Begimai alirekebisha mstari. Safari hii alituma barua kwa kila anwani, akangoja hadi zote zikafika. Kisha Mama Saltanat akamwandikia mnunuzi. Ilipogonga saa tisa na nusu, jibu liliingia: "Mazulia yote arobaini nayachukua. Na yule kondoo, ahadi bado ipo?"

Mama Saltanat alimkumbatia Begimai, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Shangazi akamkabidhi Begimai orodha mpya, haina alama hata moja.

"Kukosea mstari, hata mimi hukosea," alisema. "Lakini alama ya vema maana yake umeona kwa macho yako. Usiitie kabla hujaona. Na leo ungeficha, mpaka sasa tungekuwa tunahangaika na seva ambayo haina kosa lolote."