Maji ya Jumapili

"Uduvi wote huu barazani kwangu, Ashura? Hii gesti au gulio?"

"Baraza alijenga Mjerumani, Mashavu, si baba'ko!"

"Mjerumani kaondoka, mie nimebaki. Na wageni wangu wananuka!"

Mgeni aliyenuka kuliko wote alikuwa Honorata, nesi wa Kibiti aliyeletwa Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, wiki mbili kuchanja watoto. Alitoka mbio kuangalia ugomvi, gauni la kitenge cha bluu likipepea, akateleza kwenye jamvi la Ashura na kukaa kitako katikati ya vile vijikamba vya uduvi. Watu waliojaa gatini wakingoja boti wakaangua kicheko. Mmoja tu hakucheka, kijana mrefu mwenye fulana iliyopauka na mikono yenye grisi. Akamwinua taratibu kama anainua yai.

"Pole, nesi. Leo utapendwa na paka wote wa Mbwera."

"Na wewe je?" Neno lilimponyoka.

"Mie nimeshawatangulia paka."

Huyo ndiye Bashiru, mwenye boti na fundi wa mashine zake. Wiki haikuisha, Mbwera nzima ikawa inajua. Gesti ile kongwe ina kuta nene za mawe, lakini madirisha hayafungi, na Bi Mashavu mwenye gesti ana masikio. Kila alasiri Bashiru alikuja na dafu, wakakaa ngazini wakitaniana mpaka dafu linapata moto.

Alhamisi, saa nne asubuhi, maji yakilamba ngazi za gesti, Bashiru alisema, "Jumapili nakupeleka ng'ambo kwa mama. Yuko dunguni, kile kibanda cha juu ya miti, anafukuza ndege kwenye mpunga. Anataka kukuona."

"Anajua mie Mkatoliki?"

"Anajua. Kasema tule kwanza, mengine tutayazungumza tumeshiba."

"Saa ngapi?"

"Maji yakijaa, laazizi. Nakufuata hapahapa."

Jumapili Honorata aliacha hata sala. Saa nne kasoro alishakaa ngazini, gauni jeupe, hereni mpya, nywele zinanukia asumini. Mbele yake tope tupu, kaa wanakimbizana. Saa tano, tope. Akapiga simu, haipatikani. Saa sita jua likamshinda. Akapanda chumbani, akatia komeo, akavua hereni moja, nyingine akaisahau sikioni, akalia. Mama mtu kakataa, aliwaza. Kakataa, na mwanawe kaona haya kuniambia.

Saa sita na nusu akasikia mashine ya boti, na sauti ikiita, "Nesi! Nesi wangu!" Hakuitika. Saa mbili nzima juani, halafu mtu anakuja na kuita kwa raha! Akamtuma Bi Mashavu aseme hayupo.

Jumatatu kazi ilikuwa imekwisha na begi limefungwa. Boti ya Nyamisati, ya kumrudisha Kibiti, ingemchukua siku hiyo. Simu yake iliita mara tisa, hakupokea. Aliposhuka barazani, Mashavu na Ashura walikuwa wanagombania ndoo. Walipoona macho yake wakaiachia wote wawili.

"Huyo Bashiru kakufanya nini?" Ashura aliuliza.

"Kaniweka juani tangu saa nne, Bi Ashura! Kasema maji yakijaa. Na Alhamisi maji yalijaa saa nne, nimeyaona mwenyewe!"

Wanawake wakatazamana. Mashavu akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Kirando, ziwani Tanganyika."

"Na ziwa lenu linajaa saa ngapi?"

"Halijai wala halitoki. Liko palepale."

"Basi maji yetu hayana adabu hiyo," Mashavu alisema. "Kila siku yanachelewa, karibu saa nzima. Alhamisi saa nne, Jumapili saa sita na nusu. Mwenzio alikuja na maji, hakuchelewa hata kidogo. Saa nne angekufuata kwa kuogelea tope?"

Honorata akatua begi. Akapiga simu.

"Bashiru."

"Nipo juu ya paa la dungu, mtandao unashika huku tu. Sema kabla sijaanguka."

"Sikujua habari za maji."

Nyuma ya Bashiru mtu alipiga debe, ndege wakaruka.

"Mie nilidhani umeona wali wa mama haukufai."

"Njoo unichukue."

"Si unaondoka leo?"

"Boti inaondoka maji yakijaa."

"Na mie nitafika maji yakijaa."

"Saa ngapi ya ukutani, Bashiru!"

Akacheka, kicheko chepesi cha mtu aliyetua mzigo. "Saa saba na dakika ishirini, kipenzi."

Boti zote mbili zilifika pamoja. "Nesi, twende!" nahodha wa Nyamisati aliita.

"Nendeni salama! Naripoti Alhamisi!" Honorata akamrushia Bashiru begi, akaingia botini mwake na gauni lilelile jeupe la jana.

Katikati ya mkondo Bashiru alizima mashine. "Mama akiniuliza wewe nani kwangu, nimjibu nini?"

"Mjibu unataka kunioa."

Mashine ilikataa kuwaka mara tatu, fundi alisahau kufungua mafuta.

Ng'ambo, mwanamke mwembamba alichungulia kutoka juu ya dungu, akamtazama mgeni.

"Ndiye huyu aliyeukimbia wali wangu jana?"

"Shikamoo, mama. Sikuukimbia. Maji yalinishinda."

"Marahaba. Hata sisi yanatushindaga." Akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi kando yake. "Bashiru, umesimama nini? Mnawishe mwenzio. Panda, mwanangu. Karibu tule."