Mlango wa Omwenga na Skrubu za Msalaba

Jioni, kule Magwagwa, ukungu hupanda kutoka mtoni, ukatembea juu ya migomba, ukaingia nyumbani mwa Omwenga bila kuulizwa. Nyumba ilikuwa mpya. Ilikuwa na bati, ilikuwa na dirisha. Haikuwa na mlango. Mtoto wao, Mong'ina, alikuwa akikohoa.

"Baba Mong'ina," mkewe Persis alisema, "leo Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia. Mtoto atalala tena kwenye baridi hii?"

Omwenga aliharakisha kufunga bawaba za mlango mpya kwenye fremu. Alikuwa amenunua skrubu dukani bila kutazama vichwa vyake. Sasa alizungusha moja kwa ncha ya panga. Iliingia nusu, kisha panga likateleza. Likateleza tena. Kichwa cha skrubu kikawa laini kama kokoto ya mtoni.

"Hodi!" Jirani yao Ongeri, fundi wa kutengeneza cherehani, alikuwa akitoka sokoni na mfuko wake wa vifaa.

"Unabisha wapi? Mlango si ndio huu nimeubeba!"

Ongeri alicheka, akainama. "Skrubu hii ina msalaba kichwani. Panga lako ni bapa."

"Basi ni ya kwenu Wakatoliki. Ndiyo maana inanikataa."

"Haimkatai mtu. Inataka bisibisi yake."

Persis alisogea, mtoto mgongoni. "Kwa nini wasitengeneze aina moja tu?"

"Kila kichwa kina uzuri na ubaya wake, Mama Mong'ina. Chenye mfereji mmoja hakina makuu. Bisibisi bapa inakitosha, na rangi ikiganda ndani, unaikwangua. Lakini bisibisi huponyoka, ikakwaruza ubao au kiganja chako. Cha msalaba huishika bisibisi katikati. Ila ncha isipolingana nacho, kinalika kama hiki."

"Na zile za pembe sita, za lango la kituo cha chai?"

"Hizo hukazwa kwa spana. Zina nguvu sana. Lakini vichwa vyake hutokeza nje. Hapa bawaba isingekunjika, na gauni lako lingeraruka."

Ongeri alitoa msumeno wa chuma, akakata mfereji mmoja juu ya kichwa kilicholika. Akaingiza bisibisi bapa, akazungusha polepole kinyume. Skrubu ikatoka. Kisha akampa Omwenga bisibisi ya msalaba na skrubu mpya.

"Isimamishe wima. Kandamiza kwanza, ndipo uzungushe."

Omwenga alikandamiza. Skrubu ikazama ubaoni taratibu, kama mtu anayezama usingizini. Nyingine zikafuata.

Vilima vilikuwa bado na ukingo wa dhahabu mlango ulipofungwa. Ndani kukawa na joto. Mong'ina alikohoa kidogo, akavuta pumzi ndefu, akalala.

Omwenga alifungua mlango, akaufunga. Akafungua tena, akasikiliza bawaba zikinyamaza.

"Baba Mong'ina," Persis alinong'ona, "jua limezama. Acha kazi."

"Hii si kazi," alisema, akaufunga polepole.